Kumpenda punda asiye na neno jema

Swali: "Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mombasa, Mji wa Kale. Nilipokuwa darasa la nne nilipewa kitabu cha hadithi za yule dubu wa Kiingereza, Winnie-the-Pooh, na tangu siku hiyo niliyempenda si dubu bali ni punda wao, Eeyore, yule mwenye kulalamika kila saa. Sasa nina miaka 34, na binti yangu wa miaka sita ameyarithi mapenzi hayo: kila usiku ataka asomewe mahali penye punda tu, na halali bila ya mwanasesere wake wa punda. Mavyaa wangu asema kumlea mtoto pamoja na kiumbe mwenye majonzi ni kumwitia unyonge, na mume wangu hucheka tu. Je, kuna ubaya? Na kwa nini mtu mzima kama mimi bado nampenda punda asiye na neno jema la kusema? La mwisho ni dogo: mkia wa mwanasesere umeng'oka. Niushone, au ninunue mwengine?"

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Umeuliza mambo matatu katika barua moja, nami nitayajibu yote, ila nitaanza na lako kabla ya la mtoto, kwa sababu tukishajua ni kitu gani hasa ulichokipenda ulipokuwa darasa la nne, la mtoto litakuwa limejibika zaidi ya nusu yake. La mkia nimeliweka mwisho kama ulivyoliweka wewe, lakini si dogo kama unavyodhani.

Wengi husema kwamba watu humpenda Eeyore kwa kumhurumia. Sikubaliani nao. Huruma ni hisia ya kupita. Humhurumii mtu miaka 25 mfululizo, na ukijilazimisha kufanya hivyo mwishowe utamchoka na kuanza kumkwepa njiani. Kilichokushika wewe, kwa ninavyoamini baada ya miaka mingi ya kuwasomea watoto hadithi, ni kwamba katika msitu ule wanamoishi punda na wenzake hakuna hata mmoja anayemtaka punda achangamke kwanza ndipo aalikwe. Wakienda safari, naye yumo mkiani mwa msafara akinung'unika. Wakicheza mchezo wa vijiti mtoni, naye anacheza. Akikosa mkia, dubu anatoka kwenda kumtafutia. Hakuna anayemwambia aache kununa, wala anayempa mawaidha ya kutazama upande mwema wa mambo. Mtoto wa darasa la nne, ambaye pengine nyumbani na skuli ameambiwa mara kumi kwa siku afute machozi na awe mzuri, akikuta mahali ambapo mwenye huzuni hupewa nafasi yake bila ya kutozwa tabasamu, hapasahau.

Tuchukue sura ya siku ya kuzaliwa ya punda, ambayo nadhani ndiyo bintiyo anayoitaka kila usiku. Punda amesimama kando ya kijito, anajitazama majini na kujiona duni. Anavuka kwenda ng'ambo, anajitazama kutoka upande wa pili, na anakuta mambo ni yale yale. Dubu anapita, anamwuliza ana nini, na baada ya kuzungushwa sana kwa maneno anafahamu kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya mwenzake na hakuna aliyeikumbuka. Anakwenda mbio kuchukua chungu cha asali ampe zawadi, lakini njiani njaa inamshika, anaila asali yote, kisha anapita kwa bundi kuandikiwa salamu juu ya chungu kitupu. Rafiki yao mdogo, Piglet, naye anachukua puto, anakimbia ili afike wa kwanza, anajikwaa, anaanguka juu ya puto, nalo linapasuka. Kwa hiyo punda anapokea zawadi mbili: chungu kisichokuwa na kitu na kitambaa cha mpira kilicholowa. Anauliza puto lilikuwa la rangi gani lilipokuwa puto, na anaambiwa lilikuwa jekundu. Kumbe hiyo ndiyo rangi aipendayo. Anauliza lilikuwa kubwa kiasi gani, na hapo pia jibu linaangukia penye ukubwa aupendao. Kisha anagundua kwamba kile kipande kinaingia ndani ya chungu, na kinatoka, na kinaweza kuingia tena. Wenzake bado wanazungumza juu yake, naye hawasikii tena, kwa sababu anatia na kutoa, anatia na kutoa, akiwa na furaha isiyo kifani.

Nimeisoma sura hii mbele ya watoto huko Kibokoni Jumamosi asubuhi, wamekaa juu ya mkeka, na kila mara hutokea jambo lile lile. Puto likipasuka hushtuka, na wengine hukasirika kwa niaba ya punda. Kipande kikianza kuingia chunguni hunyamaza kabisa. Kisha mmoja hucheka, na wote humfuata. Safari moja mtoto wa kiume aliondoka mkekani bila ya ruhusa, akachukua kopo tupu la maziwa ya unga lililokuwa limewekwa kalamu, akavua soksi yake, na akakaa pembeni akiitia na kuitoa hadi kikao kikaisha. Sikumkataza. Sijapata kuona mtu aliyeielewa sura ile kuliko yeye, na katika yote aliyoyafanya sikuona hata chembe ya unyonge. Furaha ile inaonekana kubwa kwa sababu imetokea kwa yule ambaye hakuna aliyetazamia kuiona kwake. Dubu angefurahia chungu kitupu, tungepita tu bila ya kugeuka.

Kuna na jambo la pili, ambalo mtoto wa miaka sita hulihisi bila ya kulijua na wewe mtu mzima unalijua vizuri: punda huyu anachekesha, na anachekesha kwa namna ambayo watu wa pwani tunaifahamu kuliko wengi. Maneno yake ni vijembe. Ukimwamkia kwa kumwambia asubuhi njema, hukujibu kwamba huenda ni njema, ingawa yeye ana shaka nalo. Hiyo ni lugha ya baraza. Kila baraza la kahawa hapa mjini lina mzee mmoja ambaye ukimwuliza hali yake hukwambia "tupo tu, hatujafa," na ukimsogezea kashata hukuuliza kama wengine wote wamekwisha kushiba ndipo akumbukwe yeye. Barazani petu yupo mmoja ambaye muuza kahawa humwekea kando kikombe kilichovunjika ukingo, maana siku aliyopewa kikombe kizima aliuliza ni nani aliyekufa hata ikabidi afanyiwe heshima. Tunacheka, naye anajua kwamba tunacheka, na uso wake haubadiliki. Asipotokea siku mbili, siku ya tatu hutumwa mtoto nyumbani kwake kwenda kuuliza kuna nini. Nadhani ulipokuwa mdogo ulimsikia Eeyore kwa sauti ya mtu kama huyo, na ndiyo sababu hadithi ya Kiingereza yenye theluji na miti usiyoijua haikukuwia ngeni.

Kuhusu asili yake nitasema machache, kwa sababu yanasaidia kujibu swali la mkia. Vitabu vyenyewe ni viwili, vya Mwingereza A. A. Milne, cha kwanza cha 1926 na cha pili cha 1928, vyote vikiwa na michoro ya E. H. Shepard, na msitu wake umechukuliwa kutoka Ashdown, kusini mwa Uingereza, karibu na shamba la familia yake. Kabla ya kuwa mhusika, punda alikuwa mwanasesere wa mtoto wa mwandishi, Christopher Robin, aliyezaliwa 1920. Inaelezwa kwamba shingo ya mwanasesere huyo ililegea kwa kuchezewa, kichwa kikawa kinaning'inia, na kutokana na kuning'inia huko ndiko baba mtu alikopata tabia ya unyonge ya punda wake. Fikiri hilo kwa muda: uso wa majonzi aliupata kwa kukumbatiwa sana. Mwanasesere yule yupo hadi leo, pamoja na dubu na wenzao wengine, katika maktaba kuu ya umma ya New York, ambako wamewekwa tangu 1987. Jina lake nalo halina fumbo. Ni mlio wa punda kama masikio ya Waingereza yanavyousikia, na ukilitamka kwa Kiingereza cha kwao, bila ya kuikaza ile herufi ya r, utausikia mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba huzuni ya punda ilitoka vitani, kwa kuwa Milne alipigana Somme, huko Ufaransa, mwaka 1916 na akarejeshwa kwao akiwa mgonjwa, na Shepard naye alipigana katika vita hivyo hivyo vya kwanza vya dunia na akapewa nishani ya ushujaa. Ni kweli kwamba walikwenda na waliona yaliyokuwako. Lakini mimi huona taabu kumfanya kila mnyonge wa hadithi kuwa mgonjwa anayetafutiwa chanzo cha ugonjwa. Vitabu havimtafutii punda sababu, wala havimponyi mwishoni, na hilo ndilo linalovitofautisha na hadithi zetu nyingi za paukwa pakawa, ambamo yatima aliyeteswa na mama wa kambo lazima mwishowe aolewe na mwana wa mfalme ili machozi yake yawe yamelipwa. Eeyore halipwi chochote. Ukurasa wa mwisho unamkuta vile vile alivyokuwa ukurasa wa kwanza, ila katikati ametendewa mema kadhaa na ametenda mawili matatu.

Hayo aliyoyatenda yeye husahauliwa, nami ningependa uyasome kwa sauti yatakapofika. Mtoto wa kangaruu, Roo, alipotumbukia mtoni, kila mtu alipiga kelele na kukimbia huku na huku, na punda akageuka, akauzamisha mkia wake majini ili mtoto aushike. Mtoto alikuwa amekwisha kuchukuliwa na maji mbali na hapo, na aliokolewa kwa kijiti kirefu upande mwengine kabisa, lakini punda alibaki amekaa vile vile na mkia majini hadi alipoambiwa kwamba mambo yamekwisha. Mkia ulikuwa umekufa ganzi, na Christopher Robin, ambaye naye yumo hadithini kwa jina lake, akaukausha kwa leso yake na kuusugua. Bila shaka punda hakukosa kulalamika. Na mwisho wa kitabu cha pili, wakati wanyama wote wanajua kwamba Christopher Robin anaondoka na hawajui namna ya kumwambia kwaheri, anayeandika shairi la kumuaga ni punda, si bundi anayejidai msomi wala dubu aliyetunga nyimbo kitabu kizima. Shairi si zuri, na mwenyewe anaona hivyo, lakini wote wanalitia sahihi.

Simtakasi. Yapo mahali ambapo Eeyore si mwenye huzuni bali ni mnunaji tu, na Kiswahili kwa bahati njema kina maneno tofauti kwa mambo hayo: mwenye simanzi amefikwa na jambo, mnyonge hana nguvu ya kujitetea, na mnunaji anataka wewe ndiye uulize. Punda wetu ni wote watatu kwa zamu. Anaposema kwamba hakuna anayemwambia kitu, mara nyingi ni kweli. Lakini akiambiwa hudai kwamba ameambiwa akiwa amechelewa, na hapo hata mimi hutamani kukifunga kitabu. Mtoto anayaona haya pia. Mwulize bintiyo, ukifika mahali kama hapo, "hapa punda ana huzuni au amenuna?" Utashangaa jinsi anavyojua kupambanua, na mtoto anayejua kupambanua mambo hayo mawili kwa punda hatachelewa kuyapambanua kwake mwenyewe.

Nije kwa mavyaa wako, ambaye tafadhali usimbishie. Anayoyasema yametoka kwenye mapenzi, na pia yametoka kwenye lugha yetu, ambayo haijamtendea punda haki. Sisi twasema punda afe mzigo ufike, twasema asante ya punda ni mateke, na katika hadithi za Unguja alizozikusanya mmishonari Edward Steere na kuzichapisha 1870 kimo kisa cha punda wa dobi, ambacho asili yake ni India: sungura anamrubuni punda ampeleke kwa simba, punda anaponea chupuchupu, anarubuniwa tena na safari hii anauawa, kisha sungura anaula moyo na masikio, na simba akiuliza viko wapi anajibiwa kwamba mnyama yule hakuwa navyo, kwani angekuwa na moyo na masikio asingalirudi mara ya pili. Tumekulia tukikicheka kisa hicho. Mtu aliyelelewa na punda wa namna hiyo akimwona mjukuu wake amelala amemkumbatia punda, si ajabu akaingiwa na wasiwasi.

Punda wa kweli, hata hivyo, yuko karibu zaidi na yule wa Milne kuliko na yule wa dobi. Wanaowatibu wanyama hawa, kama wale wa kituo cha punda kilichoko Lamu tangu 1987, watakwambia kwamba punda huficha maumivu: farasi akiumwa na tumbo hujibwaga na kugaagaa, na punda huweza kusimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, hata mwenyewe akadhani amechoka. Watakwambia pia kwamba punda wawili waliozoeana wakitenganishwa, aliyebaki huweza kuacha kula hadi akaugua. Kwa hiyo punda aliyesimama peke yake pembeni, kwenye mbigili na maji maji, akijiuliza kwa nini mambo yamekuwa yalivyo, si uzushi mkubwa kama unavyoonekana. Ukipita Kongowea ukamwona mmoja ameegeshwa na mkokoteni wake juani, simama naye kidogo, umtazame macho.

Mavyaa wako akileta hoja ya dini, msikilize, kisha mkumbushe kwa adabu Surat Yusuf, ambamo Nabii Yaaqub alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na wanawe walipomlaumu kwamba hataacha kumtaja Yusuf hadi ajiangamize, aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Na Mtume mwenyewe, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, alitokwa na machozi mbele ya watu. Huzuni haikuwavunjia heshima. Ila mavyaa wako akiwa mtu makini, na naona kwamba ndivyo alivyo, atakwambia kwamba Yaaqub alimshitakia Mungu, na punda huyu anamshitakia kila apitaye. Na hapo, kusema kweli, ana hoja, nami sina la kumjibia.

Lakini mwulize pia, mkiwa mmekaa kwa utulivu, ni nyimbo gani zinazotunzwa sana harusini. Sisi hapa Mombasa huenda kwenye sherehe ya furaha, tumejifukiza udi na kuvaa dhahabu, tukamsikiliza mwimbaji wa taarabu akilalamika kwamba alipenda asipendwe, alitoa asirudishiwe, na katikati ya malalamiko hayo wanawake huinuka mmoja mmoja wakacheza hadi mbele na kumtunza noti. Hakuna anayesema kwamba bibi harusi ameitiwa unyonge. Aliyetunza amesikia jambo lake likisemwa na mtu mwengine, kwa sauti nzuri, mbele za watu, bila ya yeye mwenyewe kulazimika kufumbua mdomo. Bintiyo anafanya jambo hilo hilo kwa kiasi chake, na noti yake ni kusema "Mama, nisomee tena."

Sasa kuhusu mtoto mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fasihi, si daktari, kwa hiyo nitasema lile ambalo kila mzazi anafaa kulijua, kisha nitaliacha. Kumpenda mhusika mwenye huzuni si dalili ya ugonjwa. Kinachofaa kutazamwa ni maisha yake nje ya kitabu: kama kwa muda wa wiki mbili au zaidi ameacha michezo aliyokuwa akiipenda, hali chakula vizuri, usingizi umemruka au umemzidi, hana raha na wenzake, anakasirika kwa vitu vidogo kuliko kawaida yake, au anasema maneno ya kujidharau ambayo hayakutoka kitabuni. Ukiyaona hayo, mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha bila ya kungoja, na usimlaumu punda. Usipoyaona, na barua yako haikutaja hata moja, basi una mtoto mwenye afya anayependa hadithi nzuri, na mume wako anayecheka ndiye aliye karibu na ukweli.

Namna ya kusoma ina maana yake. Wazazi wengi humsoma Eeyore kwa sauti ya kilio, na hapo ndipo huzuni huwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Usilie. Msome polepole, kwa sauti ya chini na iliyonyooka, kama mtu anayesoma bei za samaki, kisha nyamaza kidogo baada ya kila kijembe. Kicheko kitakuja chenyewe. Kama unamsimulia kwa Kiswahili, majani anayokula yaite mbigili, kwa sababu mtoto wa hapa anajua mbigili unavyochoma mguu na ataelewa mara moja ni chakula cha namna gani. Bundi atakupa shida, kwani kwao Waingereza ni alama ya hekima na kwetu akilia juu ya paa watu husoma dua. Mimi humwita "mzee Owl" na kuendelea. Kuhusu Piglet, ambaye kwa jina lake la Kiingereza ni mwana wa nguruwe, najua nyumba ambazo amegeuzwa panya buku na nyumba ambazo ameachwa na jina lake bila ya maelezo. Fanya unaloliona linafaa kwenu. Moyo wake mdogo na masikio yake makubwa havipotei.

Soma pia ile sura ya nyumba, katika theluji, ambamo dubu na Piglet wanamwonea huruma punda asiye na makao, wanakuta rundo la vijiti limewekwa mahali, wanavichukua na kumjengea nyumba upande wa pili usio na upepo, na kumbe vile vijiti ndivyo vilivyokuwa nyumba yake. Punda anafika kulalamika kwamba nyumba imetoweka, anapelekwa, anaikuta, na anaamua kwamba upepo umeihamisha, tena imekuwa nzuri kuliko mwanzo katika sehemu kadhaa. Hakuna anayemwambia ukweli. Mtoto wa miaka sita akiwa peke yake na siri hiyo, akijua lile ambalo punda halijui, hujiona mkubwa sana, na nadhani ni hapo, kuliko katika mambo yote ya majonzi, ndipo mapenzi yake yalipoota mizizi.

Basi tufike kwenye mkia. Usinunue mwengine, na usiushone ukaukaza. Katika kitabu mkia wa Eeyore huzuiwa kwa msumari tu, na uliwahi kupotea: bundi aliukuta umening'inia kichakani, akaufanya kamba ya kengele ya mlangoni kwake, dubu alipofika kubisha hodi akaitambua ile kamba, na Christopher Robin akaupigilia mahali pake, punda akarukaruka msituni kwa furaha. Mkia usiong'oka hauna hadithi. Kwa hiyo nenda kwa fundi cherehani, au ufanye mwenyewe usiku mtoto akilala: shona kifungo nyuma ya punda, na kwenye mkia tia kitanzi, ili uweze kuvuliwa na kurudishwa. Kisha, siku mtakapoisoma sura hiyo, mwombe mavyaa wako auchukue mkia kwa siri na kuufunga kwenye kamba ya pazia la mlango wa chumba chake, halafu mtoto atumwe kubisha hodi. Usimwambie tu kwamba katika mchezo huo yeye ndiye bundi. Kifungo kiwe kikubwa, cha mashimo manne, na uzi uwe mzito, kwa sababu kitafunguliwa mara nyingi.